Mlango, Birika na Chumba cha Annora

Masomo ya kusoma kwanza: Ezekieli 1:4–12, Ufunuo 4:6–8, Warumi 6:1–11.

Wengi wenu mwakumbuka kikao cha wazee wa kanisa kilichoamua kwamba birika letu la ubatizo liondolewe pale mlangoni. Sababu zilitajwa, nazo hazikuwa mbaya. Watu wameongezeka, mabenchi hayatoshi, na mtoto akibatizwa kule nyuma wanaoketi mbele hawaoni kitu ila migongo ya wenzao. Tangu siku ile birika limekaa katika chumba cha stoo pamoja na ngazi na makopo ya rangi, na ubatizo hufanywa kwa beseni juu ya meza ndogo mbele ya watu wote. Kabla ya kuendelea yatupasa kusema kweli: sisi tunaoandika makala haya tulinyosha mkono siku ile pamoja na wengine. Sasa tumebadili nia, na aliyetubadilisha si mtu. Ni kanisa moja dogo la kijiji huko Uingereza, ambalo tuliliingia tukitafuta tu mahali pa kupumzisha miguu.

Mwaka jana tulikwenda Oxford pamoja na mama watoto, kumtembelea binti yetu anayefanya kazi huko. Mji huo si mgeni kwa Kanisa letu. Askofu Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908 hata alipofariki mwaka 1924, alisoma huko katika chuo cha Trinity. Na Askofu Trevor Huddleston, aliyeongoza Dayosisi ya Masasi kati ya mwaka 1960 na 1968, alisoma katika chuo cha Christ Church. Basi tulizunguka vyuoni kutazama walikopita wazee hao. Majengo ni ya fahari, lakini watalii ni wengi mno, na siku ya tatu tulikuwa tumechoka kwa kelele kuliko kwa kutembea. Binti yetu akasema, "Baba, twendeni Iffley, kuna kanisa la zamani na hakuna kelele."

Iffley ni kijiji kilicho kando ya mto Thames, mwendo wa kilomita tatu hivi kutoka katikati ya mji, na siku hizi kimemezwa na mji wenyewe. Tulikwenda kwa barabara. Njiani tulipita kiwanja ambapo Roger Bannister, tarehe 6 Mei 1954, alikimbia maili moja chini ya dakika nne, mtu wa kwanza duniani. Mwalimu hawezi kupita mahali kama hapo bila kutoa somo, na tulimkumbusha binti yetu kwamba Filbert Bayi wetu alikimbia maili hiyo hiyo mwaka 1975 kwa dakika 3 na sekunde 51, akavunja rekodi ya dunia. Alijibu kwamba habari hiyo amekwisha kuisikia kwetu mara nyingi.

Kanisa la Mtakatifu Maria, Iffley, lilijengwa kati ya mwaka 1160 na 1180 hivi. Sisi huliita Kanisa Kuu la Mkunazini kuwa ni la kale, na kweli ni la kale. Lakini Askofu Steere alipoanza kulijenga mwaka 1873, kanisa la Iffley lilikuwa limekwisha kusimama miaka ipatayo 700. Limejengwa kwa mtindo uitwao Romaneski, yaani kwa kufuata namna ya Warumi wa kale, na Waingereza wenyewe huuita mtindo wa Kinormani, kwa sababu ulienea kwao baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuishinda nchi mwaka 1066. Mtindo huu ni rahisi kuutambua. Kuta ni nene sana, madirisha ni madogo, na kila tao, la mlango au la dirisha, ni nusu duara kamili. Mwashi wa siku zile alikuwa bado hajajifunza kujenga kuta nyembamba zenye madirisha makubwa; paa na mnara vilikuwa vizito, na ukuta ndio uliobeba mzigo wote. Ndiyo maana ukiingia ndani unaona kiza kidogo na baridi, na sauti za nje zinakatika pale pale mlangoni.

Lakini hatukuingia upesi. Tulisimama mbele ya mlango wa magharibi karibu nusu saa.

Matao ya mlango ule yamepangwa moja ndani ya jingine, na kila moja limechongwa. Kuna nakshi ya pembe pembe kama meno ya msumeno, ambayo ndiyo alama ya waashi wa Kinormani popote walipojenga. Kisha kuna vichwa vya ndege na wanyama wenye midomo mirefu, safu nzima, wameuma jiwe kana kwamba wanalishikilia lisianguke. Na juu kabisa, katika tao la nje, zimechongwa alama za Waandishi wanne wa Injili: mtu wa Mathayo, simba wa Marko, ng'ombe wa Luka na tai wa Yohana. Aliyesoma masomo tuliyoyaweka juu ya makala haya anajua zilikotoka. Nabii Ezekieli aliwaona wale viumbe hai wenye nyuso nne kando ya mto Kebari, na Yohana akawaona tena wakikizunguka kiti cha enzi mbinguni. Mababa wa Kanisa walifundisha kwamba viumbe hao ni mfano wa Injili nne. Wanakijiji wa Iffley wa wakati ule wengi wao hawakujua kusoma. Waliusoma mlango.

Pamoja na viumbe hao zimechongwa alama za nyota, zile ambazo Waswahili huziita buruji. Hapo mama watoto alishtuka. "Hizi si zile nyota za magazetini?" akauliza. "Mambo ya waganga yamefikaje mlangoni mwa kanisa?" Swali lake ni zuri, na huenda msomaji pia anajiuliza hivyo. Katika makanisa ya zama zile alama hizo zilikuwa kalenda. Mkulima alijua kwamba jua likiwa katika alama fulani ni wakati wa kupanda, likiwa katika alama nyingine ni wakati wa kuvuna. Kuziweka juu ya mlango wa kanisa pamoja na Injili ni kusema kwamba miezi yote kumi na miwili ni mali ya Mungu, kama tusomavyo katika Mwanzo 1:14 kwamba aliiweka mianga ya mbinguni iwe dalili ya majira na siku na miaka. Anayekwenda kuuliza nyota jambo ambalo angemwuliza Mungu amekigeuza kitu hicho juu chini. Mchongaji wa Iffley aliziweka nyota mahali pake, yaani mlangoni, ambapo mtu huzipita akienda mbele.

Lipo jambo moja zaidi juu ya mlango. Upande wa kusini kuna mlango mwingine, mdogo kuliko ule, nao nakshi zake zimebaki kali kama zilizochongwa juzi. Humo yumo Samsoni akipigana na simba, na wapiganaji juu ya farasi. Sababu ya kubaki hivyo ni kwamba kwa miaka mingi mlango huo ulifunikwa na kibaraza, hata kilipobomolewa katika karne ya 19. Ule wa magharibi umepigwa na mvua na upepo tangu mwanzo. Wanaotunza majengo ya mtaa wetu watupe sikio: paa dogo lililo juu ya mlango si pambo.

Tuliingia. Hapakuwa na mtu. Tulikaa kwenye benchi la nyuma, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno, hata binti yetu. Halafu macho yalipozoea kiza tuliona kwamba mbele yetu kabisa, upande huo huo wa magharibi, liko birika la ubatizo.

Ni kubwa. Ni jiwe jeusi la pembe nne, limekaa juu ya nguzo, nalo ni la umri mmoja na kanisa lenyewe. Upana wake unatosha kumzamisha mtoto mchanga mwili mzima, kwa maana ndivyo walivyobatiza. Wengine kati yetu hudhani kuzamisha ni desturi ya madhehebu mengine. Sivyo. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kinaagiza padre amchovye mtoto majini kwa uangalifu, ila wazazi wakisema ni dhaifu, basi yatosha kummiminia maji. Sisi tumechukua ruhusa ya mtoto dhaifu tukaifanya kanuni ya watoto wote, tena wengine wao wanene kweli kweli. Hatulaumu, kumiminia ni ubatizo kamili. Lakini mbele ya birika lile mtu anayaelewa maneno ya Mtume Paulo kwa Warumi, kwamba tumezikwa pamoja na Kristo kwa ubatizo. Lile si bakuli. Ukilitazama vizuri lina sura ya kaburi.

Tena liko njiani. Hili ndilo lililotupata moyoni. Huwezi kutoka mlangoni kwenda altareni bila kulipita. Waliolijenga kanisa hawakuliweka kule kwa kukosa nafasi. Walitaka kila aingiaye, hata mzee wa miaka themanini, apite kila Jumapili mahali alipofia na kufufuka, ndipo aende mbele mezani pa Bwana. Ukisimama penye birika na kutazama mashariki unaona matao ya mnara, yote nusu duara, na mbali kabisa altare. Sehemu ya mwisho kule mbele matao yake yamechongoka juu, kwa sababu ile iliongezwa mnamo mwaka 1230, mtindo ulipokuwa umekwisha kubadilika. Kwa hiyo kanisa zima ni njia moja iliyonyoka, nayo inaanzia majini.

Kutoka mwaka 1232 kuna mtu aliyeishi kando ya njia hiyo asiondoke, naye ni Annora.

Tunapenda kumweleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa habari yake haimo katika vitabu vyetu. Baba yake, William de Braose, alikuwa bwana mkubwa na rafiki wa Mfalme John. Baadaye mfalme akageuka. Inasimuliwa kwamba Matilda, mama yake Annora, alisema waziwazi kuwa mfalme alimwua mpwa wake mwenyewe, Arthur. Mwaka 1210 mfalme alimfunga Matilda pamoja na mwanawe mkubwa, wakanyimwa chakula hata wakafa kwa njaa. Baba akafa mwaka uliofuata, ukimbizini Ufaransa. Annora mwenyewe alitiwa kifungoni, akafunguliwa mwaka 1214. Mume wake, Hugh de Mortimer, alikufa mwaka 1227. Miaka mitano baadaye mjane huyu akaomba afungiwe katika chumba kilichoegemezwa kwenye ukuta wa kanisa la Iffley, akae humo katika sala mpaka kufa. Dada yake Loretta, mjane vilevile, alikuwa amekwisha kuchukua maisha hayo hayo karibu na Canterbury.

Watu wa namna hii walikuwa wengi Uingereza siku zile, na wengi wao wanawake. Hawakuwa watawa wa jumuiya kama masista tunaowajua. Kila mmoja alikaa peke yake kwa idhini ya Askofu. Chumba kilikuwa na dirisha dogo la kutazamia altare wakati wa Misa, na dirisha jingine ambapo mtumishi alileta chakula na watu walikuja kuomba shauri na maombi. Mara nyingi siku ya kumfungia zilisomwa sala za maziko, na mtu akiwa hai anasikia. Leo katika ukuta wa kusini, karibu na altare, linaonekana tao lililozibwa kwa mawe, na hudhaniwa kuwa ndipo kilipokuwa chumba cha Annora.

Mama watoto hakupendezwa naye hata kidogo. Alisema kwamba mwanamke aliyekwisha kufungwa na mfalme asingejifunga tena mwenyewe kama angekuwa na watu wa kumfariji. Huenda. Hatukubishana kanisani. Lakini katika hati za serikali ya wakati ule kuna jambo ambalo mpaka leo halijatutoka. Mfalme Henry wa Tatu, aliyetawala baada ya John, alimpelekea Annora zawadi mara kwa mara: kuni za kuota moto, nafaka, na nguo. Hati zinamtaja hata mwaka 1241. Henry huyo ni mtoto wa John. Mwana wa yule aliyemwua mama yake kwa njaa alimletea nafaka, naye alikula. Alikuwa karibu miaka kumi mahali asipoweza kukwepa kufikiri, akiitazama altare kupitia tundu, na kuni za nyumba ile zikiwaka mekoni mwake.

Je, alisamehe? Historia imeandika mizigo ya kuni, haikuandika sala zake. Sisi tunasema hivi tu: tumewajua Wakristo, na sisi wenyewe tumo, ambao hawajapokea hata embe kutoka kwa mtoto wa mtu aliyewadhulumu shamba. Kumwita Annora mtakatifu si kazi yetu. Lakini Paulo anaposema kwamba utu wetu wa kale umesulibiwa, na kwamba tujihesabu kuwa wafu kwa dhambi, alikuwa akisema na watu wenye mashamba na ndugu na mashauri mahakamani. Annora alisomewa sala za wafu, kisha akaishi. Kwa maneno mengine alikwenda kuishi ubatizo wake, kwa namna ambayo hatuwezi kumwomba mtu mwingine yeyote aiige, katika hatua chache kutoka kwenye birika lile jeusi.

Kabla ya kutoka tulitazama madirisha mawili ya vioo vya rangi. Haya ni ya juzi tu. La kwanza ni la John Piper, nalo liliwekwa mwaka 1995. Linaonyesha mti na wanyama, jogoo na bundi na mwana-kondoo na wengineo, wakipashana habari za kuzaliwa kwa Kristo kila mmoja kwa sauti yake. La pili ni la Roger Wagner, la mwaka 2012, na humo Bwana wetu amesulibiwa juu ya mti unaochanua maua. Tunayataja kwa sababu watu wengine wakisikia mtu anatetea vitu vya zamani hufikiri anakataa vipya. Kanisa la Iffley limepokea kipya katika kila zama. Hata nje, chini ya ule mti wa kale ulioko makaburini, tuliona viti vipya. Ila birika hawakuliondoa.

Sasa turudi nyumbani. Baada ya safari tulisoma habari zaidi, tukakuta kwamba shauri letu la beseni si jipya. Mwaka 1566 Askofu Mkuu Matthew Parker wa Canterbury alitoa maagizo, na moja lilikuwa kwamba birika lisiondolewe mahali pake, wala mapadre wasibatize kwa mabeseni katika makanisa ya mitaa. Yaani walikuwapo waliofanya hivyo hivyo, bila shaka kwa sababu nzuri kama zetu. Sheria za Kanisa za mwaka 1604 zikaongeza kwamba kila kanisa liwe na birika la jiwe, mahali pa desturi. Hatusemi kwamba sheria za Kanisa la Uingereza za miaka 400 iliyopita zinatufunga sisi. Twasema tu kwamba wenzetu walikwisha kulifikiri.

Hoja ya kwamba watu hawaoni inabaki, nayo ni ya kweli. Lakini dawa yake ni nyepesi: wakati wa ubatizo watu wote wasimame na kugeuka nyuma, na padre aende mlangoni kwa wimbo pamoja na watoto wa altare, wazazi na wasimamizi. Kugeuka si kazi ngumu. Kuhusu mabenchi, tumepima kwa kamba. Birika linachukua nafasi ya watu wanne. Wazee wanne wanaweza kukaa kibarazani siku ya Pasaka, na tunajitolea kuwa wa kwanza.

Tunawaomba wanaosoma makala haya katika vikundi vya nyumba kwa nyumba wafanye jambo moja kabla ya kujadili: kila mtu aseme alibatizwa wapi, lini, na nani walikuwa wasimamizi wake. Tulijaribu katika kikundi chetu. Kati ya watu kumi na mmoja, saba walijua siku yao ya kuzaliwa lakini hawakujua siku ya ubatizo. Wanne walikuwa wamebatizwa katika birika letu, na sisi ni mmoja wao.

Padre amekubali shauri hili liletwe tena katika kikao kijacho, nasi tutasema waziwazi kwamba tulikosea. Jumamosi iliyopita aliturudishia ufunguo wa stoo, tukaingia na vijana wawili. Tulitoa makopo ya rangi yaliyokuwa yamepangwa ndani ya birika, tukafagia utando wa buibui, tukalisugua kwa maji na majivu. Tulipolijaza kulijaribu, maji yalishuka yote bila kuziba, yakatoka kwenye tundu la chini kama zamani. Kulibeba wanahitajika watu sita. Tunao watano.